Jinsi ya kupanga kipindi kwa kutumia nadharia za ujifunzaji: mwongozo kamili, hatua kwa hatua

Maandalio ya somo ninayoletewa niyapitie yanafanana sana. Juu mwalimu ameandika nadharia na majina makubwa ya wanasaikolojia, Piaget, Vygotsky, konstraktivizimu (kwamba mtoto anajijengea maarifa mwenyewe), alafu ukishuka chini unakuta "mwalimu kuwaongoza wanafunzi kujadili katika vikundi", ukibadilisha somo likawa Uraia au Sayansi hakuna kitakachoharibika kwa sababu hakuna kilichopangwa. Walimu wa BTP (wanachuo walio kwenye mazoezi ya kufundisha) wanakosea hapo, na wenye miaka kumi kazini nao wanakosea hapo hapo, kwa hiyo tatizo sio uvivu. Chuoni tulikariri nani alisema nini tukafaulia mtihani, hatukuonyeshwa inaingiaje kwenye dakika 40.

Kanuni ninayoitumia ni hii: kila nadharia ikupe uamuzi mmoja ndani ya kipindi. Ikishindwa kukubadilishia kitu, iache kwanza. Nitatumia mfano mmoja mwanzo mpaka mwisho, kujumlisha sehemu zenye asili (namba ya chini) tofauti, yaani 1/2 + 1/3, maana ndo mada ambayo watoto wanaandika 2/5 mwaka baada ya mwaka. Kama unafundisha kitu kingine fuata hatua zile zile, badilisha mfano tu.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Azimio la kazi na mtaala, ujue mada inaanzia wapi na kuishia wapi
- Madaftari ya wanafunzi ya wiki mbili zilizopita, ukipata kumi yanatosha
- Karatasi zenye mistari kutoka kwenye madaftari yaliyoisha, mkasi au wembe (ukae nao wewe)
- Karatasi mbili za manila na kalamu nene
- Vibao vidogo vya kujibia. Kama hamna, vipande vya hadibodi vilivyopakwa rangi nyeusi, chaki na kitambaa vinafanya kazi ile ile
- Saa au simu ya kuangalia muda
- Saa moja ya utulivu siku moja kabla. Hii usiipunguze

## Hatua ya 1: Andika swali la mwisho kwanza

Kabla ya utangulizi na kabla ya zana, andika swali moja ambalo mtoto atalijibu peke yake dakika tano za mwisho. La kwetu: "Jumlisha 1/2 + 1/3. Chora mchoro unaoonyesha jibu lako ni sahihi."

Sababu yake ni kwamba ukianza na shughuli utaipenda shughuli, utakata karatasi, utapanga vikundi, kengele inalia bado hujui nani ameelewa. Swali likitangulia, kila kitu kingine unakipima kwa kujiuliza: hiki kinamsogeza kwenye swali lile au kinamchelewesha?

Angalizo: "Mwanafunzi aelewe sehemu" sio lengo unaloweza kulipima, kuelewa hakuonekani. Tumia kitenzi unachoweza kukiona: aandike, achore, alinganishe, aeleze kosa liko wapi.

Umefanikiwa ukiona: mwalimu wa somo lingine anaweza kusahihisha swali lako bila kukuuliza chochote.

## Hatua ya 2: Chimba wanachokijua tayari, pamoja na wanachokijua vibaya

Mwanasaikolojia David Ausubel aliandika mwaka 1968 kwamba jambo kubwa kuliko yote linaloathiri kujifunza ni kile ambacho mwanafunzi tayari anakijua. Kila mtu anakubali ukimwambia, alafu hakuna anayekwenda kukiangalia.

Siku moja kabla, mwisho wa kipindi kingine, wape maswali mawili kwenye kijikaratasi. La kwanza: kipi kikubwa, 1/3 au 1/4, na kwa nini? La pili: 1/2 + 1/3 ni ngapi? Usiwafundishe, kusanya tu. Darasa likiwa na watoto 80 usisahihishe zote, chomoa 20 bila kuchagua, zigawe mafungu matatu: wanaojua, wanaokisia, na wenye wazo lisilo sahihi lakini lina mantiki yake.

Fungu la tatu ndo dhahabu. Mtoto anayesema 1/4 ni kubwa kuliko 1/3 kwa sababu 4 ni kubwa kuliko 3 anafikiri vizuri tu, ila anatumia sheria za namba nzima mahali ambapo hazifanyi kazi. Na anayeandika 2/5 ameona namba nne akajumlisha za juu na juu, za chini na chini. Piaget alieleza kwamba mtoto akikutana na kitu kipya kwanza anakiingiza kwenye mpangilio alionao kichwani, na anaubadilisha mpangilio pale tu unapogoma. Kwa hiyo kazi yako ni kutafuta kitu kitakachougomesha, kumwambia tu "hapana, umekosa" hakubadilishi kitu, atafuta aandike unachotaka, kesho anarudi pale pale.

Kitu chenyewe hiki hapa. Mchoree ubao, yaani mstatili mrefu uliogawanywa vyumba 10 vinavyolingana. Nusu yake ni vyumba 5. 2/5 yake ni vyumba 4. Alafu muulize: ulikuwa na nusu, ukaongezewa theluthi, ikawaje ukabaki na kidogo kuliko ulichoanza nacho? Mwache akae na hilo swali, usimjibie.

Na angalia wanachotoka nacho nyumbani. Mtoto wa darasa la tano ametumwa dukani mara nyingi, anajua robo kilo ya sukari ni ndogo kuliko nusu kilo, hakosei hata siku moja. Kwa hiyo wazo la "asili ikikua kipande kinapungua" analo, hajaliunganisha tu na maandishi 1/4 na 1/2. Theluthi ndo hana, dukani hakuna anayenunua theluthi kilo. Ina maana nusu na robo utaziamsha tu, theluthi utaijenga kuanzia chini.

Umefanikiwa ukiona: unaweza kutaja kosa moja ambalo zaidi ya watoto watano kati ya wale 20 wamelifanya, na unajua wanafikiri nini wanapolifanya.

## Hatua ya 3: Punguza mzigo, kitu kipya kiwe kimoja

Hapa ndo vipindi vingi vinapofia kwa hiyo nitakaa kidogo.

George Miller mwaka 1956 aliandika kwamba mtu anashika kwa wakati mmoja vitu kama saba, viwili juu au viwili chini. Nelson Cowan mwaka 2001 akapitia tafiti zilizofuata akasema ukiondoa ujanja wa kurudia rudia kimoyomoyo ni kama vinne hivi. Vinne! John Sweller, kuanzia mwaka 1988, alijenga nadharia nzima ya mzigo wa akili juu ya ukomo huu: kila unachomwekea mtoto mbele kinakula nafasi, na nafasi ikijaa hakuna kinachojifunzwa hata kama darasa limetulia kama maji ya mtungi.

Sasa hesabu mzigo wa kipindi cha kawaida cha mada hii. Asili tofauti, kitu kipya. KDS (kigawe kidogo cha shirika, namba ndogo kabisa inayogawanyika kwa asili zote mbili) kwa njia ya kugawanya, wengine wamesahau. Kuzidisha kiasi (namba ya juu) na asili kwa namba ile ile, kipya. Kurahisisha jibu. Hapo hapo ananakili ubaoni, hapo hapo mwalimu anaongea. Amezidiwa kabla hujafika mfano wa pili.

Cha kufanya:

Toa KDS ya kugawanya kwenye kipindi cha kwanza. Itarudi kipindi cha tatu wakati wazo limeshakaa. Toa majibu yanayohitaji kurahisishwa. Chagua namba ndogo ili hesabu ya kuzidisha isimchoshe.

Usiongee wakati wananakili, hata kama unaona muda unaenda. Ama wasikilize ama waandike.

Mchoro na maelezo yake yakae sehemu moja ubaoni. Ukichora kushoto ukaandika hesabu kulia kabisa, mtoto anapeleka macho huku na huku na kazi hiyo ya kutafuta inakula nafasi ile ile ya kufikiria.

Walimu wa kidato cha kwanza Tanzania hili linawahusu mara mbili. Mtoto aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili anafika kwenu anakuta kila kitu Kingereza, kwa hiyo kila sentensi ina mzigo wa lugha juu ya mzigo wa somo, alafu tunasema "hawa watoto wazito". Chagua maneno manne au matano tu ya kipindi, yafundishe mwanzoni kwa picha na kwa vitu, yabandike ukutani, na usiongeze mengine siku hiyo. Wazo jipya lipite kwenye mfano anaoujua kabla ya kulivalisha jina jipya.

Angalizo: kupunguza mzigo sio kurahisisha somo mpaka libaki tupu. Swali la mwisho la Hatua ya 1 linabaki gumu vile vile.

Umefanikiwa ukiona: unaweza kusema kwa sentensi moja kitu kipya cha leo. Cha kwetu: "Vipande vinajumlishwa vikiwa na ukubwa sawa."

## Hatua ya 4: Kitu, picha, alama, kwa mpangilio huo

Jerome Bruner alitofautisha njia tatu za kukishika kitu: kwa kukitenda, kwa picha, na kwa alama. Watu wengi tunaanza na alama, tunamalizia na zana kama pambo siku mthibiti ubora anakuja.

Fanya hivi. Kata vipande vya karatasi yenye mistari. Nafasi kati ya mstari na mstari iite chumba. Kila wanafunzi wawili wapate vipande vitatu: cha vyumba 4, cha vyumba 5 na cha vyumba 6. Kazi yao: ni kipande kipi unaweza kupaka rangi nusu yake, alafu theluthi yake, bila kukata chumba katikati?

Watahangaika. Cha 4 kinatoa nusu, kwenye theluthi kinagoma. Cha 5 kinagoma kote. Cha 6 nusu ni vyumba 3, theluthi ni vyumba 2. Hapo waambie wapake nusu kwa penseli na theluthi kwa kalamu ya wino kwenye kile cha 6, wahesabu. Vyumba vitano kati ya sita. Hujataja KDS popote na tayari wameitafuta kwa mikono yao, ukija kuitaja baadae itakuwa jina la kitu wanachokijua.

Alafu picha: wachore kipande kile kile kwenye daftari. Alafu alama, chini ya mchoro: 1/2 + 1/3 = 3/6 + 2/6 = 5/6.

Angalizo: usiwape karatasi wazi wakunje theluthi. Kukunja mara tatu sawasawa ni kugumu hata kwa mtu mzima, nusu ya kipindi itaishia kwenye kukunja. Na usikae kwenye vitu muda mrefu, dakika kumi zinatosha, lengo ni kuhamia kwenye alama.

Umefanikiwa ukiona: mtoto akiulizwa 6 imetoka wapi, anaonyesha kipande. Akisema "ni KDS" na hawezi kuonyesha, rudi nyuma.

## Hatua ya 5: Mfano mzima, mfano nusu, alafu peke yake

Vygotsky alizungumzia ile nafasi kati ya anachoweza mtoto mwenyewe na anachoweza akisaidiwa na anayejua zaidi. Wood, Bruner na Ross mwaka 1976 wakaufananisha msaada huo na jukwaa la mafundi: unalisimamisha nyumba ikijengwa, unaliondoa ikisimama. Makosa ni mawili, kutolisimamisha kabisa na kutoliondoa kabisa.

Kwenye manila ya kwanza andika mfano uliokamilika, 1/4 + 1/3 = 3/12 + 4/12 = 7/12, na pembeni ya kila mstari andika *kwa nini*. Sweller na Cooper mwaka 1985, kwenye aljebra, walionyesha kwamba anayeanza anajifunza vizuri zaidi akichunguza mifano iliyofanywa kuliko kurundikiwa maswali ayafumbue mwenyewe. Kwa hiyo usione haya kuonyesha njia. Kuna dhana imeenea kwamba ukionyesha unamnyima mtoto kufikiri, kwa mtu anayeanza ni kinyume, unampa cha kufikiria.

Manila ya pili, mfano wenye mapengo: 1/2 + 2/5 = __/10 + __/10 = __. Wajaze wawili wawili. Ndipo wafanye peke yao: 2/3 + 1/5 (jibu 13/15), kisha 3/4 + 1/6 (jibu 11/12).

Kuhusu vikundi, wawili, au watatu ikizidi sana. Kikundi cha watoto kumi kina mwandishi mmoja, mpiga kelele mmoja na wasindikizaji wanane. Madawati yetu watoto wanakaa watatu watatu tayari, tumia dawati kama kikundi, huhitaji kuhamisha mtu.

Umefanikiwa ukiona: kwenye mfano wa mapengo wanabishana kuhusu namba. Wakinyamaza wote ni ama rahisi sana ama wamepotea, zunguka ujue ni kipi.

## Hatua ya 6: Uliza, kaa kimya, ona majibu yote

"Tumeelewa?" "Ndiyooo!" Futa hili swali kwenye kipindi chako. Lile jibu ni adabu tu.

Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani, miaka ya 1970 alipima muda walimu wanaosubiri baada ya kuuliza swali, akakuta ni kama sekunde 1 hivi. Waliposubiri sekunde 3 au zaidi majibu yakawa marefu na watoto wengi zaidi wakajitokeza kujibu. Sekunde tatu mbele ya darasa ni ndefu sana kwa mwalimu, hesabu kwa vidole nyuma ya mgongo.

Utaratibu: uliza, subiri, kila mtu aandike kwenye kibao, "onyesha!", vibao vyote juu mara moja. Usichague walionyoosha mikono, hao unawajua tayari. Barak Rosenshine mwaka 2012 alitaja kiwango cha kufanikiwa cha kama asilimia 80 kuwa ndicho kizuri wakati wa kufundishwa. Mimi nakitumia hivi: kama vibao vinane kati ya kumi viko sawa nasonga mbele, chini ya hapo narudi kwenye kipande cha karatasi.

Angalizo: anayekosea asichekwe na asiitwe mbele kuaibishwa. Ukiruhusu mara moja tu, kuanzia hapo vibao vitakuwa vya kunakili kwa jirani na utakuwa umepoteza chombo chako cha kupimia.

## Hatua ya 7: Panga kusahau kabla hakujatokea

Hermann Ebbinghaus alichapisha mwaka 1885 vipimo vya namna kumbukumbu inavyoporomoka, haraka mwanzoni alafu polepole. Mwaka 2006 Roediger na Karpicke wakawapa wanafunzi vifungu vya kusoma, wengine wakarudia kusoma, wengine wakajipima kwa kuandika wanachokumbuka. Baada ya dakika 5 waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja, waliojipima ndo walikumbuka zaidi.

Hiyo dakika tano na wiki moja iangalie vizuri. Ndo maana kipindi kinaonekana kimeenda vizuri alafu mtihani wa mwezi unakuumiza.

Uamuzi wake ni mwepesi: utangulizi wa kila kipindi uwe maswali matatu, madaftari yamefungwa. Moja la jana, moja la wiki iliyopita, moja la mwezi uliopita. Dakika tano. Andika maswali hayo kwenye azimio la kazi mapema, ukitegemea utayakumbuka asubuhi hutayakumbuka.

## Hatua ya 8: Sasa ndo uhamishie kwenye andalio la somo

Dakika 40 zinagawanyika hivi:

1. Utangulizi, dakika 5: maswali matatu ya kukumbuka, la mwisho liwe robo kilo na nusu kilo.
2. Maarifa mapya, dakika 12: vipande vya vyumba 4, 5 na 6, kisha picha, kisha alama.
3. Kuimarisha maarifa, dakika 13: manila ya kwanza, ya pili, vibao, kisha peke yao.
4. Tafakuri, dakika 5: "Mwenzako ameandika 2/5. Mwonyeshe kwa ubao wa vyumba 10 amekosea wapi."
5. Hitimisho, dakika 5: swali la mwisho kwenye kijikaratasi.

Kwenye safu ya shughuli za ufundishaji andika maswali yenyewe neno kwa neno, usiandike "mwalimu kuuliza maswali". Jina la nadharia sio lazima, ila mwalimu wa taaluma akikuuliza kwa nini umeanza na karatasi uwe na jibu.

## Vitu vya kuacha kabisa

Kugawa watoto kuwa wa kuona, wa kusikia na wa kugusa, alafu kila kundi kufundishwa kivyake. Pashler na wenzake mwaka 2008 walipitia ushahidi wa jambo hili na hawakukuta wa kutosha kulihalalisha. Watoto wote wanahitaji kitu, picha na maneno, inategemea mada. Hiyo kazi ya kuandaa vipindi vitatu kwa kimoja inakuchosha bure, nguvu zako zipeleke Hatua ya 2.

Na acha kuchanganya nadharia sita kwenye kipindi kimoja cha kwanza. Kama ndo unaanza, wiki hii fanya Hatua ya 1 na ya 7 tu.

## Baada ya kengele

Vijikaratasi vya mwisho vigawe mafungu matatu kabla hujaondoka shuleni, robo saa inatosha. Jibu sawa na mchoro sawa: kesho wape sehemu tatu za kujumlisha. Jibu sawa, mchoro hamna au hauendani: hawa wamekariri njia, kesho waanze na kuchora, hesabu ifuate. Jibu 2/5: waite dawati la mbele wakati wengine wanafanya zoezi, wape tena kipande cha vyumba 6 na ubao wa vyumba 10, na safari hii wao ndo wakuelezee wewe.

Kama fungu la tatu ni zaidi ya nusu ya darasa usisonge mbele kwenye azimio la kazi. Rudia Hatua ya 4 kesho kwa namba nyingine, 1/4 + 1/3, wakitafuta wenyewe kipande cha vyumba vingapi kinafaa. Atatokea wa kukuletea 24 badala ya 12. Yuko sahihi, mpe ubao aeleze.